Visawe vya Kiingereza: acheni kubadilisha maneno kwa kubofya tu

mhariri_wa_usiku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka 2021 watafiti watatu, Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov, walitoa ripoti kuhusu kituko walichokikuta ndani ya makala za kisayansi ambazo zilishachapishwa. Makala moja inazungumzia "counterfeit consciousness". Nyingine "colossal information". Nyingine tena, ya mambo ya tiba, inataja "bosom peril". Ukisoma haraka unadhani ni taaluma mpya zimezaliwa. Kumbe la kwanza ni "artificial intelligence", akili mnemba. La pili ni "big data". Na hilo la tatu, jamani, ni "breast cancer", saratani ya matiti!

Watafiti wale waliona dalili za programu za kubadilisha maneno: mtu anachukua maandishi, anayapitisha kwenye programu, kila neno linapewa kisawe chake ili mitambo ya kunasa wizi wa maandishi isishtuke. Programu haina kosa, imefanya ilichotumwa. "Breast" na "bosom" vimo kwenye mstari mmoja wa kamusi ya visawe. Ila hakuna mgonjwa duniani aliyewahi kuambiwa na daktari kuwa ana "bosom peril". Maneno ya aina hiyo wakayabatiza "tortured phrases", yaani vifungu vilivyoteswa.

Mimi nahariri tasnifu na barua za maombi ya kazi, ndiyo shughuli inayoniweka mjini, na mateso hayo nayaona kila wiki. "I am notorious for hard work." "I demand to be considered for this post." "I possess two children." Waliandika watu wenye shahada zao, tena wasio wavivu hata kidogo. Wamefanya tulichofundishwa wote: famous = notorious, ask = demand, have = possess. Alama ya sawasawa katikati, maksi mbili, twende swali linalofuata. Halafu mwalimu wa insha anaongezea: tumieni misamiati mikubwa.

Hoja yangu ni kwamba ile alama ya sawasawa ndiyo inayotuponza. Na ukijua maneno hayo yalivyoingia kwenye Kiingereza, mengi utayaweka mahali pake bila kukariri.

Kiingereza kimejengwa kwa matabaka. Chini kabisa kuna lugha ya Waanglo na Wasaksoni waliohamia kisiwa kile kuanzia karne ya 5. Wakaja Waskandinavia na lugha yao. Kisha tarehe 14 Oktoba 1066, pale Hastings, William wa Normandy, jimbo la Ufaransa, akampiga Mfalme Harold wa Uingereza, na kwa vizazi kadhaa watu wa ikulu na mahakama wakawa wanaongea Kifaransa, mkulima akabaki na Kiingereza chake, na padri akiandika Kilatini. Wenyeji hawakutupa maneno yao. Waliongeza mengine juu yake. Ndiyo maana jambo moja unalikuta na majina matatu: "ask" la wenyeji, "question" la Kifaransa, "interrogate" la Kilatini. Au "kingly", "royal", "regal". Au "fear", "terror", "trepidation". Au "rise", "mount", "ascend".

Sasa chukua hilo la kwanza. Mtoto akitaka kujua chakula kitaiva saa ngapi, hiyo ni "ask". Polisi wakimhoji jirani aliyeshuhudia ajali, hiyo ni "question", na ndani yake tayari kuna harufu ya shaka. "I question your report" maana yake siiamini ripoti yako. Ukifika "interrogate" kuna mtu amekaa kwenye kiti, mlango umefungwa, na anayeuliza haondoki bila jibu. Mwanafunzi akiniandikia kwamba kwenye utafiti wake "I interrogated fifty farmers", namhurumia yule mkulima.

Kuna mtego wa pili, nao hauna uhusiano na Wafaransa: neno linaandamana na nani. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alisema mwaka 1957 kuwa neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao. Waingereza wanasema "heavy rain" na "strong wind". Ukigeuza, "strong rain" na "heavy wind", sarufi haijavunjika lakini msikilizaji anajua wewe si wa pale. Sisi nasi tunasema mvua kubwa na upepo mkali, na anayesema mvua nene tunamtazama mara mbili. "Big brother" ni kaka mkubwa. "Large brother" ni kaka aliyenenepa. "Big mistake" ipo, "large mistake" inakwaruza sikio.

Na mtego wa tatu ni sumu iliyomo ndani ya neno. "Slim" ni sifa, "thin" ni maelezo, "skinny" ni kejeli au huruma, inategemea nani anasema. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliwahi kulichekea hili redioni BBC mwaka 1948 kwa kunyambua sifa moja kama kitenzi: mimi ni "firm", wewe ni "obstinate", yule ni mpumbavu mwenye kichwa kama cha nguruwe. Tabia ni ile ile ya kutoyumba. Kilichohama ni mapenzi ya msemaji.

Haya, karibuni. Wenye mifano ya kazini kwao wailete.

Mtaa wa Pili

Nimepiga kambi. Ila mkuu umetuacha njiani. "Begin", "start" na "commence" hapo sumu iko wapi? Mimi naona ni kuanza tu, basi.

mhariri_wa_usiku

Mtaa wa Pili, hapo sumu hakuna, kuna mipaka. Gari "una-start", "hu-begin". Biashara mpya vilevile. Kitu chochote chenye mtikisiko, mashine, safari, ugomvi, kinapenda "start". "Begin" imetulia zaidi, ni ya hadithi na ibada. "Commence" ivae suti. Utaikuta kwenye sheria, ile tarehe ya sheria kuanza kutumika ndiyo "commencement". Na Marekani sherehe ya mahafali ya chuo inaitwa "commencement", wanaona mhitimu ndiyo kwanza anaanza. Ukimwambia mwenzio "let us commence eating", atacheka kabla hajanawa.

Wakili wa Kata

Mleta uzi umegusa mahali pangu. Watu wanadhani mawakili tunapenda maneno mengi kwa sababu tunalipwa kwa ukurasa. (Kidogo ni kweli.) Lakini angalieni "last will and testament". "Will" ni ya wenyeji, "testament" ni Kilatini. "Breaking and entering": la kwanza la wenyeji, la pili Kifaransa. "Fit and proper" hivyo hivyo. Uingereza ya baada ya 1066 mahakama zilisikiliza kesi kwa Kifaransa na kuandika kumbukumbu kwa Kilatini, na mwananchi anajua Kiingereza tu. Hadi mwaka 1362 ndipo Bunge lao likapitisha sheria kwamba kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, na sheria yenyewe wakaiandika kwa Kifaransa! Kuweka maneno mawili ilisaidia kufunga mianya, kisha ikawa mazoea, sasa ni mapambo.

Lakini msije mkafikiri kwenye sheria maneno yote ya jirani ni mapambo. "Theft" ni wizi. "Robbery" ni wizi uliochanganyika na nguvu au vitisho, sisi tunaita unyang'anyi. "Housebreaking" ni kuvunja nyumba na kuingia kwa nia ya kutenda kosa. Tendo hilo hilo likifanyika usiku, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zinaliita "burglary". Yaani jua likizama jina la kosa linabadilika, na adhabu inapanda nalo. Mwandishi wa habari anayebadilisha "burglary" kwa "robbery" ili asirudie neno ameshamzulia mshtakiwa panga mkononi.

Halafu "kill", "murder", "manslaughter". La kwanza linatosha hata kwa radi. "Murder" inahitaji kusudio ovu. "Manslaughter" ni kuua bila kukusudia. Gazeti likiandika "he murdered" kabla ya hukumu, mhariri ajiandae kwa barua yangu.

dafu la Kengeleni

Niaje wadau, salamu kutoka Mombasa. Nakubaliana na mleta uzi lakini hiyo kanuni ya matabaka isichukuliwe kama Msahafu. Huku Kenya ukiwa kwenye matatu unamwambia makanga "naalight hapo mbele", yaani nashuka. Hata mama mboga anasema "alight". Ukienda London unalikuta kwenye matangazo ya treni, rasmi kabisa, ilhali watu wenyewe wanasema "get off". Ukiliona unafikiri ni Kifaransa cha wafalme. Wapi! Ni neno la Wasaksoni kindakindaki. Na "get", hilo neno la kihuni linaloingia kila mahali, ni la Waskandinavia.

Upande wa pili, "people", "face", "river", "very", zote zimetokana na Kifaransa na hakuna mtu anazisikia kama maneno ya kujivuna. Kwa hivyo asili inakupa fununu tu. Kinachoamua ni matumizi.

mhariri_wa_usiku

dafu, nimeipokea bila kinyongo, na huo mfano wa "alight" nauiba. Nikiongeza kidogo: "people" liliingia mapema na likatumika na wote, kwa hiyo likavua joho. Yaliyobaki na joho ni yale yaliyobaki mikononi mwa makarani na wasomi.

Bi. Kizingo

Mimi nilisoma kwamba "cow" ni ya mkulima na "beef" ni ya bwana aliyekula, hivyo hivyo "pig" na "pork", "sheep" na "mutton", "calf" na "veal". Mchungaji Msaksoni, mlaji Mnorman. Hii mbona hamjaitaja? Ndiyo tamu kuliko zote.

mhariri_wa_usiku

Bi. Kizingo, niliiacha makusudi. Iliyoipa mbawa ni riwaya ya Walter Scott, Ivanhoe, ya mwaka 1819, mle kuna mchekeshaji anamweleza mchunga nguruwe jambo hilo. Kwamba maneno ya nyama yametoka Kifaransa ni kweli tupu. Lakini ule mgawanyo safi, mnyama huku na mnofu kule, haukufika na meli za William. Kwa karne nyingi baadaye "beef" na "mutton" ziliweza pia kumtaja mnyama mzima akiwa na miguu yake minne. Lugha ilichelewa sana kuzitenga. Na angalia kuku: "chicken" bandani, "chicken" mezani. Samaki vilevile. Kanuni imeishia kwa wakubwa.

Mwana wa Malindi

Hapo kwenye mambo ya chakula kuna kisa cha William Caxton, yule aliyeleta uchapaji Uingereza. Mwaka 1490 aliandika kwenye dibaji yake kuhusu wafanyabiashara waliokuwa mtoni Thames, wakielekea Zeeland huko Uholanzi, upepo ukakata. Wakashuka Kent kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama mmoja "egges". Mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule mtu akakasirika, maana na yeye hakijui Kifaransa! Akaja mwenziwe akaomba "eyren", mama akaelewa mara moja. Yote mawili ni mayai. "Egges" ilitoka kwa Waskandinavia, "eyren" ilikuwa ya Kisaksoni. Moja likaua jingine. Kwa hiyo zamani visawe kamili vilikuwepo, ila havikuishi nyumba moja muda mrefu: ama kimoja kinakufa, ama vinagawana kazi.

"Shirt" na "skirt" ndiyo waliogawana kazi. Mzizi mmoja, la kwanza la Wasaksoni, la pili la Waskandinavia. Leo moja liko juu ya kiuno na jingine chini yake.

Mtaa wa Pili

Duh. Hii ya shati na sketi sikuijua.

Asiyeongopa

Samahanini wakubwa, lakini mimi naona mnajitesa na lugha ya watu. Mzungu akija hapa akasema "mimi taka kula" tunampigia makofi, tunamwita mtani. Sisi tukiandika "demand" badala ya "ask" tunaonekana hatujasoma. Kwa nini? Mtu akielewa si imetosha?

Wakili wa Kata

Asiyeongopa, kwenye kijiwe imetosha. Kwenye mkataba haitoshi, na mikataba mingi ya ajira huku kwetu imeandikwa kwa Kiingereza hicho hicho. Mwajiri akiandika "the company may pay a bonus", ameahidi hewa. Akiandika "shall pay", unaweza kumdai. Herufi chache tu.

Tena nikupe wa pesa kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatenga "redundancy" na "summary dismissal". Mtaani yote ni kufutwa kazi. Lakini ukiondolewa kwa "redundancy", yaani kazi yenyewe haipo tena na si kosa lako, sheria inataka ulipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. "Summary dismissal" ni kwa kosa kubwa la mfanyakazi, na malipo hayo hayamo. Kwa Tanzania neno la kutafuta kwenye barua yako ni "retrenchment". Sasa mtu aliyefanya kazi miaka kumi na miwili, anapewa barua ya kusaini, na rafiki yake anamwambia "saini tu, yote ni kuachishwa"...

Asiyeongopa

Hapo nimekuelewa wakili. Bado nasema mikataba iandikwe kwa Kiswahili.

Wakili wa Kata

Na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini leo usiku mtu ana barua mkononi.

Mtumwa wa Skuli

Assalam alaykum. Nipo Unguja, mwalimu mstaafu. Mnazungumza kama Kiingereza ndicho pekee chenye matabaka. Tazameni nyumbani kwenu. Bara wanasema shule, neno la Wajerumani. Sisi huku tunasema skuli, la Waingereza. Madrasa ni la Waarabu. Chuo ni la Kibantu, letu wenyewe. Mtoto wa hapa asubuhi yuko skuli, jioni yuko chuoni anasoma Kurani. Mtu wa bara akisikia mtoto wa miaka saba yuko chuoni anashangaa, kwani kwake chuo ni cha wakubwa. Mgeni akisoma kamusi atakuta yote manne ni mahali pa kusomea. Aende akamwambie mama wa Kiswahili kwamba mwanawe amesajiliwa "madrasa ya sekondari ya serikali", aone atakavyotazamwa.

Na mganga, tabibu, daktari. Kazi moja, kuponya. Lakini nani kati yenu atamwita mpasuaji wa hospitali mganga, mbele yake? Ingawa "mganga mkuu wa wilaya" tulikuwa nalo serikalini na hakuna aliyeshtuka. Hivyo vitu vinakwenda na desturi, ndugu zangu. Mwanafunzi anayejua kwa nini hasemi "tabibu" sokoni ana ufunguo wa kuelewa kwa nini Mwingereza hasemi "physician" kwa jirani yake. Nilisomesha kwa njia hiyo na watoto walikuwa wanashika upesi.

mhariri_wa_usiku

Shikamoo mwalimu. Hii ingekuwa kwenye posti ya kwanza.

nesi_ughaibuni

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Niko Uingereza, wodini. Nataka kuwapa ya maumivu, kwa sababu Kiswahili chetu kinasema kuumwa na kuuma kwa kila kitu, na wenzangu wapya kutoka nyumbani wanakwama hapo wiki za mwanzo.

"Ache" ni maumivu ya chini kwa chini, ya kuendelea. Limeshikamana na sehemu chache tu za mwili likawa neno moja: "headache", "toothache", "earache", "backache", "stomachache". Ukijaribu kutunga "legache" au "eyeache" hakuna. Mguu ni "pain in my leg". Kifua ni "chest pain", na ukiisikia hiyo unakimbia. Koo ni "sore throat". "Sore" ni pale panapowasha au kuchubuka, ukigusa panauma, au misuli baada ya kazi ngumu. "Hurt" ni kitenzi cha mgonjwa mwenyewe: "it hurts here". Na "hurt" inafika hadi moyoni, maneno yanaweza "hurt". Mgonjwa akisema "it's just an ache" na mimi nikaandika "severe pain", nimebadilisha dawa atakayopewa.

Tumbo ndiyo balaa. Mgonjwa anasema "tummy", hata mtu mzima wa miaka sitini, ni lugha ya upole. "Belly" ni tumbo la nje, la kitambi. "Stomach" kwa mtu wa kawaida ni tumbo, kwa daktari ni kile kiungo kimoja kinachopokea chakula. "Abdomen" ni eneo lote, kwa hiyo kwenye faili tunaandika "abdominal pain". "Gut" ni utumbo, na pia ni ile hisia ya ndani inayokuambia jambo haliko sawa.

Na "wound" na "injury" msizichanganye. "Wound" kidonda au jeraha lililofungua ngozi, na pia aliyepigwa risasi vitani ni "wounded". Aliyeanguka kwenye pikipiki ni "injured", hata kama hakutoka damu.

Bi. Kizingo

Mwanangu nesi Mungu akubariki. Nimeinakili yote namtumia binti yangu, ana usaili wa kwenda huko.

Mtaa wa Pili

Sasa mleta uzi, tutumie nini? Umesema tusibofye. Ile kamusi ya visawe ya Roget niliyonunua mitumbani niitupe?

mhariri_wa_usiku

Usiitupe, ijue tu ilitengenezwa kwa nani. Peter Mark Roget alikuwa daktari, mzaliwa wa London, aliwahi kuwa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Orodha yake ya kwanza aliianza mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe, na kitabu kikatoka 1852, akiwa ameshavuka miaka sabini. Maneno hakuyapanga kwa alfabeti bali kwa mawazo, vichwa 1,000, maneno ya karibu yakikaa pamoja na kinyume chake jirani. Kilikusudiwa kwa mtu ambaye neno analijua, limo kichwani, ila limekwama ulimini. Akiliona analitambua. Hakikuandikwa kwa mtu anayekutana na neno kwa mara ya kwanza na kulibeba hivyo hivyo. Kibofyo cha visawe kwenye kompyuta kimetoa orodha na kuacha ule uangalifu.

Ninavyofanya mimi: nikipata neno jipya natafuta kwanza kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, zile zenye sentensi za mifano, na nasoma mifano kabla ya maana. Naangalia kama wameandika "formal", "informal" au "disapproving" pembeni. "Notorious" ukiifungua tu utaona ni umaarufu wa ubaya. Basi, sekunde ishirini, umenusurika.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni ile amri ya kutorudia neno. Nani aliitoa? H. W. Fowler na ndugu yake waliikejeli tangu 1906, katika The King's English, wakaipa jina "elegant variation": mwandishi anayeogopa kurudia neno mpaka anabadilisha badilisha kwa ajili ya urembo. Kwenye tasnifu ni hatari zaidi. Ukurasa wa kwanza "farmers", wa pili "cultivators", wa tatu "peasants", wa nne "growers". Msahihishaji anauliza: hawa ni makundi manne au moja? "Peasant" tena ina dharau ndani yake kwa Kiingereza cha leo. Kama ni "farmers", andika "farmers" mara mia mbili. Hakuna atakayekufa.

Msimamizi wa Shahada

Nakazia hapo kwa herufi kubwa. Nina mwanafunzi ambaye "respondents" wake walikuwa "interviewees" sura ya tatu, "informants" sura ya nne, na "participants" kwenye hitimisho. Katika mbinu za utafiti hayo si majina ya mapambo. "Respondent" kwa kawaida amejibu dodoso, "informant" amekupa habari za jamii yake. Nilimrudishia yote.

dafu la Kengeleni

Swali la mwisho kutoka kwangu, ofisi imenichosha. Bosi anaandika "kindly revert by Friday". Mwenzangu aliyesoma Uingereza anasema hiyo ni makosa, "revert" ni kurudia hali ya zamani, "reply" ndiyo kujibu. Nani mkweli?

nesi_ughaibuni

Huku ukiandika hivyo wanafikiri Ijumaa utageuka kitu kingine.

mhariri_wa_usiku

dafu, wote wawili. Kwa Uingereza "revert" ni kurejea hali ya mwanzo, mfumo wa kompyuta ukifeli "una-revert" kwenye toleo la zamani. Lakini kwa maofisi ya Nairobi, Dar na Mumbai, maana ya kujibu imeshaota mizizi na kila mtu anaelewana. Hiyo ni Kiingereza cha kwao, imegawana kazi kama shati na sketi. Barua ikienda London andika "reply". Ikienda kwa bosi wako mwandikie "revert", tena kabla ya Ijumaa.